Safu ya Mgeni

Aliyeisimulia kwanza hadithi hii ni mama mkubwa, Jumamosi moja alasiri, miaka kumi na tisa iliyopita, akiwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwake anachambua mchele. Walikuwepo watatu wakimsikiliza. Aliisimulia mara moja tu. Alipoulizwa tena baadaye alisema ameisahau, ingawa hakuisahau. Mmoja wa wale watatu aliiandika wiki ile ile, na yanayofuata ni kama ilivyosemwa, isipokuwa pale ambapo binti mwenyewe alikuja kusahihisha.

Jambo lilianza kwa unga kupungua vidole viwili.

Binti huyo, mtoto pekee wa mdogo wake mama mkubwa, alikuwa ameondoka kwa mama yake na kupanga chumba kimoja chenye sakafu ya saruji nyekundu na mlango wa bati uliolia kila ulipofunguliwa. Jumapili yake ya pili humo, saa nne asubuhi, alichuchumaa mbele ya ndoo zake tatu za plastiki, ya unga, ya mchele na ya sukari, kalamu ya wino mzito sikioni na daftari gotini. Kila ndoo alikuwa ameichora mistari ubavuni, mmoja kwa kila wiki: Jumapili hii unga uwe hapa, Jumapili ijayo uwe pale, na siku ya mshahara ndoo iwe tupu, isibaki hata chembe ya kugandishia bahasha. Sasa mchele ulikuwa chini ya mstari. Sukari ilikuwa chini ya mstari. Unga ulikuwa umeshuka vidole viwili kamili.

Aliitikisa ndoo, akaiweka sawa, akapima tena. Akasoma orodha ya alichokula tangu Jumatatu, maana aliandika hata kijiko cha sukari. Kilichokuwa kimeondoka kilikuwa karibu sawa na alichokula yeye.

Hakuwa mtu wa kukadiria. Alikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha sabuni, na wapakiaji walimwita Senti, kwa sababu siku moja aliwafungia mlango wote kumi na wanne hadi mche mmoja wa sabuni ulipoonekana. Aliyemfundisha kazi alimpa kanuni moja: stooni hakuna kinachopotea hivi hivi, kipo tu kitu ambacho hakijaandikiwa mtu. Kikipungua na aliyekichukua hajulikani, fungua safu, ipe jina lolote, andika kiasi, hesabu ifunge. Baadaye mwenye safu atajitokeza aweke saini, au dole gumba kama hajui kuandika. Na kilichoandikwa hakifutwi. Senti aliishi kwa kanuni hiyo kama wengine wanavyoishi kwa dawa.

Hesabu hizo hizo ndizo zilizomtoa kwa mama yake. Kwa mama, tangu Senti akiwa mdogo, walikula wawili lakini zilipakuliwa sahani tatu. Ya tatu ilifunikwa na kuwekwa nyuma ya mlango wa jikoni, na asubuhi ilikutwa tupu. Mtoto akiuliza ni ya nani, mama alijibu, "Ya nyumba. Kula." Mtoto alikua akidhani ni ya paka, ingawa hawakuwa na paka. Alipoanza kazi na kuleta mshahara, na mama naye magoti yakamshinda akaacha kibarua chake cha kufua nguo hospitalini, Senti ndiye aliyekuwa analipia kila kitu. Miaka mitano alilipa. Mwaka wa tano akapima.

"Mama, unga wa mwezi unaisha tarehe ishirini. Na humu tuko wawili."

"Umeanza lini kuhesabu jikoni kwangu?"

"Tangu nianze kulinunulia hilo jiko mkaa. Theluthi nzima inapotea, mama. Unamlisha nani?"

Mama aliweka mwiko chini polepole. "Hesabu za kiwandani ziache huko huko. Hapa tunapakua, hatupimi."

"Kama ni baba unampelekea, sema tu."

"Baba yako!" Mama alicheka kicheko kikavu. "Yule hata ningempelekea angesema haina chumvi."

"Basi mimi nahama. Nimeshapata chumba."

Hapo uso wa mama ulibadilika. Mama mkubwa, aliyekuwepo, alisema hajawahi kumwona mdogo wake akiwa na uso ule, si kabla wala baada. "Usihame, mwanangu," alisema. "Kaa hapa. Wewe huwezi kuishi peke yako. Huwezi kukaa na kitu bila kukipima."

"Humtaki mtoto wewe, unautaka mshahara wake."

Mama hakujibu. Senti aliuchukua ule ukimya akaufungasha pamoja na vyombo vyake, akauona ni kukiri. Siku ya kuondoka mama hakumsindikiza hata mlangoni. Alibaki jikoni amegeukia ukuta, anafunika sahani.

Ndiyo maana ule upungufu wa vidole viwili ulimuuma zaidi ya kumtisha. Alikuwa ameugawa mshahara wake katika bahasha saba, kila moja na jina lake, na aliapa kwamba safari hii hakuna atakayemla kichwa. Alinunua kufuli jipya. Jumapili ya tatu ndoo zikawa zimeshuka tena. Akaenda kwa mama mwenye nyumba, mwanamke mnene aliyekuwa haondoki kibarazani pake isipokuwa kodi ikichelewa.

"Panya," alisema mama mwenye nyumba.

"Panya wa kwako wanajua kufunika ndoo?"

"Haya, basi una mtu. Mimi sina neno na mambo ya vijana, ila kodi ya wawili si kodi ya mmoja."

"Niko peke yangu, mama."

"Peke yako?" Yule mama alishusha sauti, akamtazama kuanzia chini kwenda juu. "Ukiwa kazini mbona nasikia kijiko? Kila siku, saa saba mchana. Kinakwangua sufuria, kwa, kwa, kwa. Nikasema moyoni, huyu mgeni wake ana njaa kweli."

Senti alirudi chumbani, akafunga mlango, akakaa kitandani. Mtu mwingine angefungasha. Yeye alikuwa na hesabu isiyofunga, na hesabu isiyofunga ilimnyima pumzi. Alichukua daftari, akapiga mstari kwa rula kuanzia juu ya ukurasa hadi chini, akafungua safu mpya pembeni ya ile ya kwake. Juu yake akaandika: MGENI. Kwenye mstari wa kwanza, chakula, akaandika: nusu. Kisha, kwa mazoea ya mkono uliokwisha kujaza maelfu ya kurasa, akashuka mstari kwa mstari akiweka vile vialama viwili vya kuonyesha kama hapo juu: sabuni, maji, umeme, kodi, afya, akiba. Nusu, nusu, nusu, mpaka chini. Hesabu ikafunga. Akalala vizuri kuliko siku zote tangu ahamie.

Jumapili iliyofuata alifungua daftari akakuta mwenye safu ametia alama.

Ilikuwa alama ya dole gumba, ya unga, kwenye mstari wa chakula, chini ya jina MGENI. Ilikuwa imekaa katikati ya kisanduku, kwa unadhifu ambao wapakiaji wa kiwandani hawakuwahi kuufikia. Aliipuliza, haikutoka. Aliifuta kwa khanga iliyolowa, karatasi ikachubuka na alama ikabaki. Mistari ya dole ile haikuzunguka kama ya watu. Ilinyooka kutoka juu kwenda chini, kama mvua.

Jumapili ya pili tangu alama ile ianze, dole lilishuka kwenye sabuni, na mche alioufungua Ijumaa ulikuwa umebaki kama ukucha. Jumapili ya tatu lilikuwa kwenye maji, na ndoo ya kuogea aliyoijaza mwenyewe ilikuwa nusu, juu yake kukiwa na utando kama mtu ametoka kunawa muda ule ule. Ya nne, umeme: taa aliyoizima asubuhi aliikuta inawaka alasiri, na kiti kimesogezwa chini yake. Alichana ukurasa akautupa kwenye moto wa jiko. Alipofungua ukurasa uliofuata, mweupe, safu ilikuwa pale, na mstari wake ulikuwa ule ule wa rula yake, na alama zote nne zilikuwepo.

Wiki ya kodi ndiyo aliyoshindwa kuisimulia mwenyewe alipokuja kusahihisha. Hii ni kama alivyomwambia mama mkubwa. Siku ya Jumatano alirudi mapema, kichwa kinamuuma, jua bado kali, watoto wanacheza nje, mama mwenye nyumba anagombana na muuza mkaa, mchana wa kawaida kabisa, akaingia, akavua viatu, akataka kwenda kufungua dirisha, na alipofika katikati ya chumba mguu ukagoma. Haukufa ganzi, wala hakujikwaa. Uligoma kama unavyogoma kuingia chumba cha mtu bila kubisha hodi, na aliposimama hapo akasikia harufu ikija kutoka upande wa dirisha, harufu ya maziwa yaliyoungulia na majivu yaliyomwagiwa maji, harufu ya nyuma ya mlango wa jikoni kwa mama yake, ile aliyoinusa utotoni akidhani ndiyo harufu ya nyumba zote, kisha kitanda, ambacho nusu yake ilikuwa huku na nusu kule, kikalia upande wa kule, godoro likadidimia taratibu, likatulia, na kijiko, kijiko chake mwenyewe chenye mpini uliopinda, kikaanza kukwangua sufuria bila haraka, kwa, kwa, kwa, mpaka sufuria ikaisha, kikanyamaza, na katika ule ukimya Senti akajua kwa hakika kwamba kilichokaa pale kilikuwa kimeinua uso kinamtazama, kinasubiri kuona kama atasema kitu juu ya chumba ambacho nusu yake alikuwa amekwisha kuiandika.

Alilala kwenye nusu yake. Kwa nini hakurudi kwa mama? Mama mkubwa alimuuliza, naye alijibu, "Ningemwambia nini? Kwamba bajeti imenishinda?"

Jumapili ya sita dole lilikuwa kwenye afya.

Nywele za upande wa kushoto zilianza kubaki kwenye chanuo. Shavu la kushoto lilibonyea. Kiwandani wapakiaji waliacha utani, na mmoja akamwambia kwa upole ambao hakuwahi kumwonyesha, "Senti, nenda kapumzike, dada. Unatembea kama nusu yako imeachwa nyumbani." Mkono wake wa kushoto haukuweza kuinua hata daftari. Chini ya afya ulibaki mstari mmoja, akiba. Aliutazama mstari ule akaelewa kwamba yeye kwa akiba alimaanisha bahasha ya saba, na kwamba mgeni huenda alimaanisha yote yaliyobaki mbele yake.

Mama mkubwa alikuja Jumatano bila kualikwa, amebeba kopo la mafuta ya nywele. Alipomwona, kopo lilimponyoka.

"Unapakua sahani ngapi?" aliuliza, hata hajakaa.

"Moja, mama mkubwa. Lakini nimemwandikia…"

"Umemwandikia?"

Senti akampa daftari. Mama mkubwa alilisoma amesimama, kisha akakaa kwenye sakafu, kwenye nusu ya mlangoni, bila kuambiwa ni ipi. "Huyu mgeni alikuwa wa bibi yenu," alisema, sauti haizidi pumzi. "Bibi alipozeeka alitaka anikabidhi mimi. Mimi nikaolewa haraka, nikakimbia. Akabaki na mdogo wangu."

"Mlijua? Wote mlijua?"

"Tulijua."

"Na hakuna aliyeniambia."

"Mama yako angekuambia ungemwamini? Ungemwomba stakabadhi." Kisha akaanza kulia, na alilia vibaya, kama mtu anayejua analilia nini.

Aliondoka akaenda kumtafuta mganga. Mganga huyo alikuwa fundi viatu, mtu wa makamo mwenye vidole vyeusi kwa dawa ya viatu, asiye na kibao wala sifa. Walikutana chumbani Jumapili ya saba, saa tatu asubuhi, kabla daftari halijafunguliwa: fundi, mama mkubwa, Senti, na mama, aliyepanda ngazi kwa magoti yale na kukataa kushikwa mkono. Mama alimtazama mwanawe usoni, upande wa kushoto, akageuka upesi.

Fundi alilitazama daftari kama anavyotazama kiatu kilichopasuka. "Nani kaandika?"

"Mimi."

"Kwa mkono wako, hukulazimishwa?"

"Kwa mkono wangu."

"Mama yako alikuwa anampa. Jini huyu akipewa anakula, anaondoka, hajui hata ni kiasi gani. Wewe umempa haki. Sasa anadai."

"Mbona alinifuata huku?"

"Miaka mitano alikula jasho la nani?"

Fundi akaendelea, kwa sauti ya mtu anayekadiria bei ya soli: "Kufukuzwa hafukuzwi, ameandikwa. Anahamishika tu, kama mzigo wa stoo kwenda stoo nyingine, na lazima awepo wa kumpokea. Njia ni mbili. Binti arudi nyumbani, daftari lichomwe, mumpakulie wawili bila kupima, siku zote za maisha yenu. Hapo mzigo unagawanyika, hamtaumia sana. Au mmoja wenu aipokee safu yote peke yake."

Upande wa dirisha godoro lilididimia. Hakuna aliyegeuka kutazama.

"Rudi nyumbani, mwanangu," mama mkubwa alinong'ona. "Rudini wote wawili."

Mama alisubiri. Alikuwa amesimama na mkoba wake kifuani, na mama mkubwa alisema kwamba uso wake ulikuwa kama wa mtoto anayengoja kuchaguliwa mchezoni.

Senti alitazama sakafu. "Chumba nimeshalipia miezi sita," alisema.

"Nimesikia," alisema mama. "Nipeni wino."

Hakujua kuandika. Fundi alimpaka dawa nyeusi ya viatu kwenye dole gumba, naye akalibandika chini ya MGENI mara saba, kutoka juu hadi chini, hata kwenye afya, hata kwenye akiba, bila kuuliza kila mstari unasema nini. Alipomaliza wa saba, godoro liliinuka. Harufu ya maziwa yaliyoungulia ilipita katikati yao, baridi, ikisugua mabega yao, na mlango wa bati ukalia, ukafunguka. Mama alisogea kando kidogo, kama mtu anayempisha mkubwa wake atangulie, akatoka. Kwenye ngazi walimsikia akisema, kwa sauti ile ile ya jikoni, "Taratibu. Magoti yangu."

Nywele za Senti ziliota. Mkono ulipata nguvu. Ndoo zikashuka mstari kwa mstari, kama alivyozichora, mpaka siku ya mshahara zikawa tupu kabisa, na alipoona hivyo alifurahi. Hilo yeye mwenyewe alisisitiza liandikwe.

Daftari la miaka miwili iliyofuata bado lipo katika familia. Siku ile ile mama alipotoka, Senti alimwahidi mama mkubwa kwamba atatuma nusu ya chakula nyumbani kila mwezi, na mwezi wa kwanza unaonyesha hivyo: Mama, nusu. Mwezi wa tatu, Mama, theluthi, na pembeni kwa herufi ndogo: nauli imepanda. Mwezi wa saba, robo, kodi imepanda. Mwezi wa kumi na moja, Mama, mwezi ujao. Kisha vile vialama viwili, kama hapo juu, kama hapo juu, kama hapo juu, hadi ukurasa unapoisha.

Mama mkubwa ndiye aliyemkuta mdogo wake. Jikoni kulikuwa kumefagiliwa. Sahani ya mama ilikuwa juu kabisa ya rafu na ina vumbi. Ile ya nyuma ya mlango ilikuwa tupu, na bado ilikuwa na unyevu.

Kwa kumbukumbu: mama alifariki mwaka wa pili baada ya Jumapili ile. Fundi viatu naye amefariki. Mama mwenye nyumba yu hai, ila macho hayaoni. Mama mkubwa yu hai, na bado anasema ameisahau hadithi hii. Binti yu hai. Anaishi peke yake katika nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga kwa akiba yake, hana daftari, na ndoo zake hazina mistari. Aliyemtembelea mwaka jana alikaribishwa mezani, wakaketi wawili, zikapakuliwa sahani tatu. Alipouliza ya tatu ni ya nani, aliambiwa ale. Kuhusu huyo wa tatu, hakuna katika familia aliyewahi kusikia kwamba amekufa.